Mwalimu Aliyekimbia Darasa

Niko mwaka wa tatu, ualimu, na nakiri jambo moja: wiki ya pili ya fildi nilitaka kuacha. Nilisimama mbele ya kidato cha pili na chaki mkononi, nikatamani kwenda kukaa dawati la nyuma niwe mmoja wao. Niliporudi chuoni nikamkuta maktaba Erich Kästner, Mjerumani aliyeugua ugonjwa huohuo kabla yangu.

Alizaliwa Dresden mwaka 1899, mtoto wa pekee. Wazazi wake walikuwa wanapangisha chumba kwa walimu, basi na yeye akasema atakuwa mwalimu. Akaingia chuo cha ualimu mwaka 1913. Siku alipopewa darasa afundishe, akagundua kwamba yeye ni mtu wa kujifunza, siyo wa kufundisha. Mwaka 1917 akachukuliwa jeshini, na sajini mmoja akamtesa kwa mazoezi mpaka moyo ukapata hitilafu aliyoishi nayo hadi kufa. Vita ilipoisha akaacha ualimu, tena akiwa karibu kumaliza! Kwetu hapo kingeitishwa kikao cha ukoo. Yeye akaenda Leipzig, na mwaka 1925 akapata udaktari.

Akahamia Berlin, akawa anaandika magazetini. Miaka ile Wajerumani walikuwa wakizila riwaya za upelelezi kama njugu, hasa za Mwingereza Edgar Wallace. Mchapishaji wa vitabu vya watoto, mama mmoja aitwaye Edith Jacobsohn, akamwomba aandike ya namna hiyo, ila wapelelezi wawe watoto.

Hapo ndipo ninapompendea Kästner. Hakuhitaji kubuni maiti wala jumba la giza, maana upelelezi alishaufanya mwenyewe. Mama yake alikuwa msusi. Siku moja mteja akaagiza kusukiwa watu kibao kwa ajili ya harusi. Mama na mwana wakafunga safari na vifaa vyao, kufika kule hakuna harusi, anwani ya uongo. Wiki kadhaa baadaye mtoto akamwona yule mwanamke barabarani, akamfuata kimyakimya mpaka dukani alikofanya kazi. Deni likalipwa.

Mwaka 1929 kikatoka kitabu cha Emil na wapelelezi wake. Emil naye mama yake ni msusi. Anapanda treni kwenda Berlin na marki 140 zilizobanwa kwa pini ndani ya koti, anasinzia, anaibiwa. Watoto wa mjini wanamwandama mwizi, na matundu ya pini kwenye noti ndiyo yanayomuumbua. Pesa ya mama aliyesuka vichwa siku nzima! Nani asingekimbia?

Mei 10, 1933, Wanazi walichoma vitabu vyake uwanjani Berlin, mwenyewe akiwa kwenye umati anatazama. Emil hakuguswa siku ile, alipendwa mno. Marufuku yake ilikuja baadaye. Kästner hakuhama nchi. Akafa Munich mwaka 1974.

Filamu ya Emil ilitengenezwa mwaka 1931. Ndani yake kuna kijana mdogo aitwaye Jumanne, ambaye kazi yake ni kukaa nyumbani kulinda simu wenzake wakiwinda mwizi. Mtoto aliyemwigiza na yule aliyemwigiza Emil wote walikuja kuwa askari, na wote wawili waliuawa vitani mwaka 1942.