Bill Travers na Tembo Pole Pole

Wakulima wa Nachingwea na Ruangwa, ambao tembo huwavamia mashambani na kumaliza jasho la msimu mzima kwa usiku mmoja, wanayo haki ya kuuliza mtetezi wa wanyama ni mtu wa namna gani. Ndugu zetu wa visiwani, wasiosumbuliwa na tembo, nao wakumbuke kwamba katika karne ya 19 Unguja ilitajirika kwa pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara, nyingine zikipitia Kilwa na Lindi. Maisha ya marehemu Bill Travers, basi, yanatuhusu sote.

Travers alizaliwa Uingereza tarehe 3 Januari 1922. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa askari huko Bara Hindi na Malaya. Vita vilipokwisha akashika kazi ya uigizaji. Mwaka 1964 alifika Kenya na mkewe, Virginia McKenna, kucheza filamu ya Born Free iliyotolewa mwaka 1966. Aliigiza nafasi ya George Adamson, bwana nyama ambaye yeye na mkewe Joy walimlea simba Elsa na kumrudisha porini. Kazi ilipokwisha, wengi wa simba walioshiriki walipelekwa kufungiwa katika bustani za wanyama. Watatu tu walikabidhiwa Adamson awazoeze maisha ya porini.

Miaka michache baadaye Travers alitengeneza Kenya filamu nyingine, akiwa na mtoto wa tembo aliyeitwa Pole Pole. Mtoto huyo alikuwa amekamatwa ili awe zawadi kwa bustani ya wanyama ya London. Travers na mkewe waliomba kumnunua ili abaki, wakaelezwa kwamba akibaki yeye atakamatwa mwingine badala yake. Wakanyamaza, tembo akasafirishwa. Mwaka 1983 maisha ya Pole Pole yalikatizwa huko London, naye angali kijana kwa umri wa tembo.

Mwaka uliofuata Travers, mkewe na mwana wao Will waliunda chama cha Zoo Check, kilichoitwa baadaye Born Free Foundation. Akiwa amevuka miaka sitini, alizizungukia bustani za wanyama za Ulaya na kamera yake, akionyesha viumbe waliorukwa na akili kwa kufungwa. Hakuiacha kazi hiyo hadi alipofariki tarehe 29 Machi 1994.

Wenye madaraka na watafakari. Pole Pole hakuibwa na jangili. Alitolewa kwa idhini na kwa nia njema. Nasi Novemba 2010 tulishuhudia twiga wetu wakipakiwa ndegeni Kilimanjaro, hata mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje ya nchi.

Hata hivyo, huruma ina gharama. Travers aliilipa kwa miaka yake ya uzeeni; si haki mkulima wa Ruangwa ailipe peke yake kwa chakula cha watoto wake. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na kifuta machozi kwa waliofiwa. Malipo hayo yakikaliwa mezani, mwananchi atamchukia tembo, na jangili atapata mwenyeji kijijini. Afisa anayeyaharakisha ni mtetezi wa wanyama kama alivyokuwa Travers.