Nikola Tesla: mutu mwenye jina lake liko kwenye kipimo cha sumaku

Mu Lubumbashi, mutu anayeikala karibu na kabine ya umeme ao chini ya waya za nguvu kubwa anaweza kutaka kujua ni nguvu gani ya sumaku inafika katika parsele yake. Kuko vimashine vidogo vya kuipima, vinaenea mukononi, na vingine havina bei kali. Kwenye kioo chake kunatokea namba na alama µT, ni kusema mikrotesla. Lile neno linatoka kwenye jina la mutu, na maisha yake inasaidia kujua mashine gani ya kuchagua.

Nikola Tesla alizaliwa tarehe 10 mwezi wa 7, 1856, katika kijiji cha Smiljan, inchi ya Kroatia ya leo. Baba yake alikuwa padri wa Orthodoxe. Mama yake hakupita kwenye masomo, lakini alijua kujitengenezea vyombo vya nyumba kwa mikono yake. Mutoto akasoma uinjinia kule Graz, hakumaliza, akaenda kufanya kazi ya telefone Budapest. Kule, mwaka wa 1882, akapata wazo la mota inayozungushwa na sumaku tu. Lakini ile mota ilihitaji umeme unaokwenda na kurudi.

Mwaka wa 1884 akafika New York, akaanza kazi kwa Thomas Edison. Edison alikuwa anauza umeme unaokwenda upande mumoja, na haukuvuka kilometre nyingi. Ule wa kwenda na kurudi, transfo inaweza kuupandisha nguvu kwa safari ndefu, kisha kuushusha mbele ya kuingia mu nyumba. Tesla hakukawia kwa Edison. Mwaka wa 1888, tajiri George Westinghouse akanunua haki za uvumbuzi wake, na mwaka wa 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukafika mu muji wa Buffalo, kilometre 40 hivi.

Katanga pia ilifuata njia ile. Tangu 1930, maporomoko ya Mwadingusha, kwenye muto Lufira, yanatoa umeme wa kwenda na kurudi. Mpaka leo kuran ya mu nyumba za Lubumbashi inakwenda na kurudi mara 50 kwa sekonde. Lakini laini ndefu ya Inga mpaka Kolwezi, kilometre 1 700 hivi, inabeba umeme wa upande mumoja, na unageuzwa Kolwezi.

Ile tofauti ndiyo inadanganya wanunuzi. Mashine nyingi za bei ya chini zinasikia tu umeme wa kwenda na kurudi: chini ya laini ya Inga zinaweza kuonyesha karibu zero, hata kama sumaku iko. Dira ya mu telefone ni kinyume: inasikia sumaku ya dunia, mikrotesla 25 mpaka 65, lakini kwa umeme wa nyumba haifai.

Kwa parsele ya Lubumbashi, basi, boksi iandike 50 Hz, na mashine iweze kuonyesha hata 0,1 µT. Yenye kupima pande tatu kwa mara moja ni nzuri zaidi. Yenye kupima upande mumoja ni ya bei ya chini, lakini lazima kuigeuza polepole mpaka namba kubwa itokee. Kama inaandika mG, namba 10 ni sawa na mikrotesla moja. Kwa raia, kiasi ambacho wataalamu wa ICNIRP waliweka mwaka wa 2010 ni 200 µT. Wachunguzi wa kansa wa OMS, mwaka wa 2002, walisema sumaku ya umeme inaweza pengine kuleta kansa ya damu kwa watoto, lakini haijahakikishwa.

Tesla mwenyewe hakufa tajiri. Mwaka wa 1901 alianza kujenga munara wa Wardenclyffe, ili atume habari na umeme bila waya. Benkia J. P. Morgan akaacha kutoa feza, na mwaka wa 1917 munara ukabomolewa. Tarehe 7 mwezi wa 1, 1943, alikufa peke yake katika chumba cha hoteli New York, na madeni juu yake. Miezi michache kisha, korti kubwa ya Marekani ikavunja sehemu ya haki za Marconi juu ya radio, kwa kuwa Tesla na wengine walikuwa wamemutangulia. Mwaka wa 1960, jina lake likapewa kipimo cha sumaku.

Kuko kazi moja ambayo kipimo kile hakiwezi kufanya. Sumaku inatokea wakati umeme unatembea. Waya iliyokatika inaweza kuwa na nguvu yote ndani yake bila umeme kutembea: mashine itaandika zero, na mwenye kuigusa atakufa. Kule Kinshasa, mwezi wa 2, 2022, waya ya nguvu kubwa ilianguka kwenye soko la Matadi-Kibala na watu zaidi ya 20 walikufa. Mbele ya waya iliyoanguka, hata wakati wa delestaji, hakuna kupima: ni kukaa mbali, kuzuia watoto, na kuita SNEL.