Livingstone na maji yasiyopimika

Wageni wafikao Kwihara, nje ya mji wa Tabora, huonyeshwa tembe alimokaa Dk. David Livingstone mwaka 1872, nao huondoka wakimkumbuka kama mpasua pori. Hiyo ni nusu ya habari. Mskoti huyo, aliyezaliwa Blantyre mwaka 1813, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kushindana na maji, na si mara zote alishinda.

Mwaka 1856, akishuka bonde la Zambezi, alikata njia ya mkato na hakuyaona maporomoko ya Cahora Bassa. Akaamini meli itapita. Aliporejea na meli ya mvuke mwaka 1858, mto ulimkatalia. Novemba 1860 mtumbwi wa mwenzake, Dk. John Kirk, ulipigwa na mkondo huko huko. Kirk alinusurika chupuchupu, maandishi yake yakazama.

Hata hivyo, ubaharia aliujifunza. Aprili 1864 aliondoka Unguja na Lady Nyassa, meli ndogo iliyoundwa kwa ajili ya ziwa, yeye mwenyewe akiwa nahodha. Alitia nanga Bombay baada ya siku zipatazo 45. Miongoni mwa waliokuwamo alikuwa kijana Chuma.

Julai 1869, akitoka Ujiji kwenda Manyema, aliteremsha bildi mkabala na mlima Kabogo. Kamba ilishuka pima 326, karibu mita 600, kisha ikakatika ikivutwa juu; hata tope la chini hakuliona. Leo yajulikana kuwa Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, ilhali mzamiaji wa starehe mwenye mtungi wa hewa hashauriwi kupita mita 40.

Novemba 1871, yeye na Henry Stanley walipiga makasia hadi kaskazini ya ziwa, wakakuta mto Rusizi ukiingia badala ya kutoka. Matumaini ya Nile kuanzia hapo yakafutika. Stanley alimsihi arudi kwao; alikataa, akangoja wapagazi Kwihara hadi Agosti 25, 1872, kisha akaelekea kusini kwenye vinamasi vya Bangweulu. Huko, akiwa hoi kwa kuharisha damu, alibebwa mabegani kuvuka maji, akafariki Mei 1, 1873 kijijini kwa Chitambo.

Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili hadi Kwihara. Luteni Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa, wakaendelea na safari hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874.