Johannes Rebmann, Mtumishi Aliyengoja

Sisi tukaao Kwa Mrombo na katika sharika za Mlima Meru, siku isiyo na mawingu tukiangalia upande wa mashariki twaona kilele cha Kilimanjaro. Mzungu wa kwanza aliyeandika habari za theluji ya mlima ule alikuwa mhubiri wa Injili, Johannes Rebmann. Wengi wamjua kwa ajili ya mlima tu. Lakini maisha yake yatufundisha neno jingine lililo kubwa zaidi: jinsi mtu awezavyo kuutegemea uaminifu wa Mungu wakati dhiki inapoishika nchi nzima, na kazi ya mikono yake haionyeshi matunda.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji wa Gerlingen, nchi ya Württemberg, huko Ujerumani. Akasoma katika seminari ya misioni ya Basel, kisha akatumwa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza. Mwaka wa 1846 akafika Mombasa. Huko akamkuta Krapf, mtu wa nchi yake, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mkewe na mtoto wake katika mchanga wa pwani. Wote wawili wakashikwa na homa. Hata hivyo wakapanda vilima vya nyuma ya Mombasa, wakajenga Rabai.

Mwaka wa 1848 Rebmann akaenda Uchaga mara ya kwanza. Tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya mlima; kiongozi wake akauita baridi tu, lakini yeye akatambua ya kuwa ni theluji. Habari ilipofika London, wako wenye elimu waliomcheka, wakisema alidanganyika kwa macho yake. Hakubadili neno, hata wasafiri wengine wakaja miaka ya 1861 na 1862, wakaona kama alivyoona yeye. Mwaka wa 1849 alikwenda Uchaga tena, akitaka kupita mpaka Unyamwezi. Lakini alipofika Machame, Mangi Mamkinga akamnyang'anya mali yake kidogo kidogo, mpaka hakubakiwa na kitu cha kumfikisha mbele. Akarudi pwani katika mvua nyingi, mgonjwa, mikono mitupu.

Baada ya hayo wenzake wakapungua mmoja mmoja. Wagner alikufa mwaka wa 1849, na Pfefferle mwaka wa 1851, wote wawili muda mfupi tu baada ya kufika. Krapf akarudi Ulaya mwaka wa 1853 kwa kuwa afya yake iliharibika, na Erhardt akaondoka mwaka wa 1855. Akabaki Rebmann na mkewe Emma, aliyemwoa mwaka wa 1851. Mungu aliwapa mtoto, naye akafa.

Tena mwaka wa 1857 vita ikaingia. Mashujaa wa Kimasai wakashuka mpaka vilima vya nyuma ya Mombasa kutafuta ng'ombe. Watu wakauawa, vijiji vikaachwa, na Rebmann na mkewe wakalazimika kukimbilia pwani. Wengi wetu hapa Arusha ni ndugu wa mashujaa wale kwa lugha na kwa desturi. Hatuyasemi haya ili kuwaaibisha mababu, bali ili tufahamu ya kuwa Injili iliyotufikia sisi ilipita kwanza katika mavuno ya mikuki yetu wenyewe.

Basi, Rebmann alifanya nini katika miaka ile ya hofu? Vita ilipotulia alirudi mahali pake, akaendelea na kazi iliyokuwa mbele yake. Alikuwa naye mtu mmoja jina lake Salimini, aliyechukuliwa utumwani kutoka nchi za Ziwa Nyasa. Kwa kinywa cha mtu huyo Rebmann akajifunza lugha ya nchi asiyoifikia kamwe, akaandika maneno yake kwa subira. Kamusi hiyo ikachapwa mwaka wa 1877, yeye akiwa amekwisha kufa. Akakusanya pia maneno ya Kinyika na ya Kiswahili. Hakuweza kuwazuia wenye mikuki wala wafanya biashara ya watumwa. Lakini aliweza kuandika neno moja leo na jingine kesho.

Mwaka wa 1866 Emma akafa. Kisha macho ya Rebmann yakaanza kufifia, yale macho yaliyoiona theluji. Mjumbe wa serikali ya Uingereza, Bartle Frere, alipofika mwaka wa 1873, alimkuta karibu kipofu, na Wakristo aliowakusanya walikuwa wachache sana. Wako waliosema ya kuwa miaka yake yote ilipotea bure. Mwaka wa 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao, akasafiri kwenda Ulaya, akishikwa mkono na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Akafa huko Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

Wasomaji, tuangalie yaliyofuata. Mwaka wa 1893 wamisionari wa Leipzig walifika Uchaga, wakaanza kazi yao Machame, palepale Rebmann aliponyang'anywa kila kitu. Kutoka Uchaga wawili wao, Ovir na Segebrock, wakaja Meru, wakauawa Akeri mwezi wa Oktoba 1896, pamoja na Wachaga kadhaa waliofuatana nao. Ikafuata vita ya jeshi la Wajerumani ya kulipiza kisasi; watu wengi wa Arusha na wa Meru wakafa, na ng'ombe wao wakachukuliwa. Nani angeweza kusema siku zile ya kuwa katika nchi hii kutakuwa na Kanisa? Lakini mwaka wa 1902 kazi ikaanza Nkoaranga, na mwaka wa 1904 Ilboru.

Rebmann hakuyaona hayo. Kama tungeupima uaminifu wa Mungu kwa maisha ya mtu mmoja, tungesema ameshindwa. Lakini Mungu hahesabu kwa urefu wa siku zetu. Sisi nasi tumeona miaka ya ukame, ng'ombe wakianguka malishoni. Tumeona mwaka wa 1920 na wa 1940 wamisionari wakiondolewa kwa ajili ya vita, na walimu wa Kiafrika wakiachiwa sharika. Tumeona mwaka wa 2020 watu wakiogopa kupeana mikono mlangoni mwa kanisa kwa sababu ya ugonjwa wa korona.

Kwa hiyo twawaambia ninyi walimu wa sharika, hasa mnaofundisha watoto wawili watatu chini ya bati linalovuja: msiulize kwanza matunda yako wapi. Fundisheni somo la leo, mtembeleeni mgonjwa wa leo, mkamwachie Bwana miaka. Mtumishi yule alikufa kipofu. Lakini njia aliyoipapasa ndiyo Injili iliyoipita mpaka kutufikia sisi.