Mwana Kupona: mama mgonjwa, binti yake na harufu ya asumini

Ebu kumbuka mara ya mwisho ulipokaa kwenye benchi la hospitali ukisubiri jina lako liitwe, ung'olewe jino au ushonwe kidonda. Viganja vimeloa jasho, moyo unadunda, na ile harufu ya spiriti ikikufika puani tu unatamani kurudi nyumbani. Sasa jiweke kwenye visiwa vya Lamu mwaka 1858. Unaumwa, na mwaka mzima umepita kitandani. Huko Boston, Marekani, madaktari walishaanza kuwalaza wagonjwa kwa etha tangu 1846, lakini habari hizo wewe zinakuhusu nini?

Hivyo ndivyo alivyokuwa Mwana Kupona binti Msham. Jina unalijua. Kama ulisoma fasihi sekondari, ulimkuta kwenye orodha ya washairi wa kale, ukaambiwa alitunga utendi wa kumfundisha binti kumtii mumewe, ukakunja uso, ukafunga kitabu. Sikulaumu. Ila kuna mtu nyuma ya zile beti, na huyo mara nyingi darasani hatajwi.

Alizaliwa kisiwani Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, mji ulio kisiwa hicho hicho, na mumewe hakuwa mtu wa kuchezewa: miaka mingi aligoma kupiga magoti mbele ya Sultani wa Zanzibar. Yaani huyu mama aliishi kwenye nyumba ya vita na siasa. Mwaka 1856 Bwana Mataka akafariki, Mwana Kupona akabaki mjane na watoto wake. Miaka miwili baadaye maradhi yalikuwa yamemkaba, na binti yake, Mwana Hashima, alikuwa na miaka kama 17 tu. Umri wako, pengine.

Akamwita akae karibu, alete wino na karatasi. Hapo ndipo utendi unapoanza, na ukiusoma ukijua hivyo, sauti yake inabadilika. Huyu ni mama anayeogopa kufa kabla hajasema ya kusema. Beti 102 alizitunga katika hali hiyo!

Na ndani ya beti hizo kuna harufu tele. Binti anaambiwa aoge, ajisinge, afunge nywele, atunge asumini na kuzitia kitandani. Mume naye afukizwe ambari asubuhi na jioni. Ukweli lazima usemwe: kwenye utendi manukato ni ya mapenzi na unadhifu, hayakutajwa kama dawa. Kwa maradhi yake mwenyewe Mwana Kupona anashika dua, anaomba nafuu kwa Mungu. (Na jina lake ni Kupona! Sijui wazazi walikuwa wanawaza nini, lakini limenikaa kichwani.)

Hata hivyo, watu wa pwani hawajawahi kutenga sana harufu nzuri na uuguzi. Mzazi aliye kwenye arubaini hufukizwa udi au ubani. Chumba cha mgonjwa hutiwa chetezo, mgeni hunyunyiziwa marashi ya waridi kwa mrashi, na jino likiuma bibi atakutafutia karafuu. Hiyo ya karafuu si hadithi ya bibi tu: mafuta yake yana yujenoli, kitu kinachotia ganzi, na madaktari wa meno wamekitumia miaka na miaka.

Wazungu walikuja kulipa jambo hili jina baadaye sana. Mkemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, alichapisha kitabu chake kuhusu tiba kwa manukato mwaka 1937, miaka karibu 80 baada ya utendi. Siku hizi watafiti wamewanusisha mafuta ya lavenda watu wanaongoja upasuaji au kiti cha daktari wa meno. Wengi huripoti wasiwasi umepungua kidogo. Kwa maumivu yenyewe majibu yanapishana, kwa hiyo usije ukakataa sindano ya ganzi eti una marashi mfukoni. Sababu moja inayotolewa ni kwamba mishipa ya kunusa ina njia fupi mno kufika sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana harufu ya udi inaweza kukurudisha sebuleni kwa nyanya yako kabla hujajua unawaza nini. Ila kama una pumu, moshi wa chetezo kaa nao mbali, na wodini penye oksijeni hakuna kuwasha kitu.

Mwana Kupona hakuishi miaka mingi baada ya kutunga. Mwana Hashima ndiye aliyeishi. Alizeeka, akaiona karne ya 20, na utendi wa mama yake ukawa unanakiliwa kwa mkono, nyumba hadi nyumba, wanawake kwa wanawake. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakauchapisha kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ukiupata, anza na zile beti za mwanzo, pale mgonjwa anapomwita mwanawe asogee.