Maisha ya Apolo Kivebulaya, Mtumishi wa Mungu kule Boga

Mara hii tumeona vizuri kuwasimulia maisha ya Apolo Kivebulaya. Tunajua wengine kati yetu watauliza sababu gani Mwanglikana anapewa nafasi katika karatasi za kanisa la kinabii. Jibu letu ni fupi: Mungu humpa maono yule anayemtaka, na mzee huyu aliyapata.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864, akaitwa Waswa, jina la pacha. Siku zile wafanyabiashara wa pwani walileta bunduki na nguo, wakarudi na pembe na watu. Kisha, tangu 1888 mpaka 1892, Waganda walipigana wao kwa wao: Waislamu na Wakristo, halafu Waprotestanti na Wakatoliki. Waswa naye alishika silaha upande wa Waislamu, baadaye akavuka upande wa Wakristo. Hatufichi jambo hilo.

Upande wetu wa Semliki haukuwa afadhali. Wamanyema waliingia msituni kutafuta pembe na watumwa, wakachoma vijiji. Kule Toro, majeshi ya mfalme Kabarega wa Bunyoro yalichukua mateka; na askari Wasudani, walioachwa katika ngome ili wawalinde raia, wakawanyang'anya raia wale wale. Wasomaji wetu wa Beni hawahitaji kuelezwa sana juu ya hayo.

Mwaka 1893 machifu Waprotestanti wa Buganda, wapata 40, walitia sahihi barua ya kuwafungua watumwa wao wote. Ilikuwa kazi njema. Lakini mtu aliyefunguliwa, asiye na shamba wala elimu, anarudi upesi mlangoni kwa bwana wake. Hapo ndipo watu kama Apolo walipofanya kazi ambayo barua haikuweza kufanya. Katika kanisa lao mtu hakubatizwa kabla hajajua kusoma. Awe mtumwa wa jana, awe mke wa chifu, wote walishika karatasi moja na kutamka herufi zile zile.

Alibatizwa Januari 1895, akatumwa Toro mwaka ule ule. Mwisho wa 1896 alivuka Semliki mpaka Mboga, tunayoiita leo Boga, katika Ituri, jirani zetu wa kaskazini. Ndiyo Boga ile ambako, usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, wauaji waliua watu wengi, huko na Tchabi, zaidi ya 50 kwa jumla.

Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wamefukuzwa kwa njaa, maana Chifu Tabaro aliwakataza watu kuwapa chakula. Apolo akashika jembe, akajilimia. Chifu akakasirika zaidi, kwa kuwa mwalimu huyu alikataza ulevi na wake wengi. Kisha ajali ikatokea: mwanamke wa jamaa ya Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa katika majani ya kujengea, akafa. Apolo akashitakiwa kwamba ameua. Akapigwa, akafungwa, akapelekwa gerezani Toro. Katika siku hizo za mateso Bwana Yesu alimtokea aking'aa kama jua, akamtia moyo kwamba yuko pamoja naye. Kosa halikuonekana kwake, akaachiliwa. Akarudi wapi? Boga, kwa Tabaro yule yule. Na Tabaro akabatizwa, akaitwa Paulo. Sisi tunaokataa hata kusalimiana na aliyetushitaki kwa ajili ya mpaka wa shamba, tusome sehemu hii mara mbili.

Alipewa ushemasi mwaka 1900, jambo ambalo sisi mashemasi tunapenda kulikumbuka, na upadri mwaka 1903. Alitumika miaka mingi Toro na kwingineko. Wazungu walipomaliza kugawana mipaka na Boga kubaki Kongo, alirudi, karibu mwaka 1915.

Mwaka 1921 aliona maono mengine: aende kwa watu wa msituni. Mwaka huo huo Simon Kimbangu alianza kazi yake kule Nkamba, mbali kabisa, wala hawakujuana. Apolo akaingia msituni mpaka upande wa Kainama, katika teritware yetu ya Beni. Wambuti walihesabiwa kuwa mali ya wenye vijiji. Kila mwanakijiji alisema Mbuti wake, kama vile mtu anavyosema mbuzi wake. Apolo aliketi nao, akala nao, akawafundisha, akawabatiza. Hata leo, katika parokia zetu, Mbuti analeta asali mlangoni, anapewa shati kuukuu, lakini kwenye benchi hakuna nafasi yake.

Hakuoa. Mchumba wake alikuwa amekufa. Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki. Yeye alikuwa ameagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu ambako kazi ilikuwa haijakwisha, nao wakamzika hivyo.