Marijani Rajabu: Sauti yake, vyombo vya wengine

Mkulima wa Bashay asiye na plau wala maksai hulima baada ya wenye navyo kumaliza. Hata akiwa hodari, mvua haimsubiri. Maisha ya hayati Marijani Rajabu, maarufu kama Jabali la Muziki, hayakuwa mbali na hayo.

Marijani alizaliwa mwaka 1955 jijini Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa kijana mdogo, alijiunga na bendi ya Safari Trippers, na nyimbo kama Georgina zikampatia jina. Baadaye alihamia Dar International, bendi iliyovuma kwa Zuena na Mwanameka.

Pigo la kwanza lilikuja mwaka 1978. Wanamuziki kadhaa, akiwamo Michael Enoch na Abel Balthazar, waliondoka kwenda kuanzisha Mlimani Park. Marijani alibaki, akaisuka bendi upya na ikaendelea kutamba.

Tatizo lilikuwa mtaji. Bendi za mashirika na jumuiya, kama Juwata, zilikuwa na mwajiri wa kulipa mishahara na kununua vyombo. Dar International ilikuwa bendi binafsi iliyotegemea viingilio vya mlangoni. Magita, spika na ampilifaya vilitoka nje ya nchi, na miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu. Vyombo vilipochakaa, bendi nayo ilisinzia. Marijani akawa mtu wa kuhama, akipitia Mwenge Jazz na Kurugenzi ya Arusha.

Nyimbo zake zilirekodiwa Radio Tanzania na kupendwa nchi nzima, lakini umaarufu huo haukumletea mapato. Kanda zilinakiliwa mitaani bila mtunzi kuambulia kitu. Mwishoni mwa maisha yake alijikimu kwa kuuza kanda za muziki wake mwenyewe. Alifariki dunia Machi 23, 1995, akiwa na umri wa miaka 40.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyoleta COSOTA, ilipitishwa mwaka 1999, miaka minne baada ya kifo chake.

Somo kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo ni kwamba ufundi pekee haujengi nyumba. Tenga akiba ya kununua na kutengeneza zana mapema, na usikabidhi mazao yako kwa mtu kabla ya kuandikiana.